Posho Ndogo Ikawa Gari: Funzo kwa Vyama Vyenye Wanachama Wasioweza Kutembea

Katika daftari la wanachama la kila chama cha msingi yamo majina ya watu ambao miaka hupita bila wao kuonekana katika mkutano mkuu. Baadhi yao wamehama, na wengine wamefariki na warithi wao hawajaandikishwa. Lakini wamo pia walio hai, wanaokaa katika kijiji kile kile, ambao mazao yao huletwa ghalani na mtoto au jirani, nao hawafiki mkutanoni kwa sababu moja tu: hawawezi kutembea. Mmoja amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, mwingine aliugua polio utotoni, wa tatu aligongwa na pikipiki. Mtu wa namna hiyo amelipa kiingilio na hisa zake kamili, naye ana kura moja kama mwenziwe. Ila kura hiyo ipo mwendo wa kilometa nane, na kilometa nane kwake ni sawa na mia moja.

Suala la chombo cha kumfikisha mtu asiyeweza kutembea limetatuliwa kwa njia mbalimbali katika nchi mbalimbali. Uingereza, nchi ambayo wanaushirika huikumbuka kwa duka la Rochdale la mwaka 1844, ina mpango uitwao Motability, ambao kwa huo zaidi ya magari 800,000 yamo mikononi mwa watu wenye ulemavu na jamaa zao. Mpango huo si chama cha ushirika, wala haukuanzishwa na wanaushirika. Hata hivyo mwendo wa fedha zake unafanana sana na jambo ambalo kila katibu wa chama analifahamu, nalo ni makato. Kwa sababu hiyo yafaa makatibu na wanachama wauelewe: ulivyoanza, unavyofanya kazi, unapokwama, na sehemu gani yake chama cha msingi kinaweza kuiiga.

1. Chombo cha kiti kimoja

Habari hii inaanza na kigari kidogo cha magurudumu matatu. Katika mji wa Southend, mashariki ya London, fundi aliyeitwa Bert Greeves alimtengenezea binamu yake Derry Preston-Cobb, aliyekuwa amepooza, chombo chenye injini ndogo. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Invacar. Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanzishwa nchini Uingereza mwaka 1948, serikali ikawa inawaazima watu wenye ulemavu vyombo vya aina hiyo bila malipo. Kwa miaka mingi vigari hivyo vyenye rangi ya samawati vilikuwa jambo la kawaida katika barabara za nchi hiyo.

Hapana shaka vigari hivyo viliwatoa watu wengi ndani ya nyumba zao. Lakini vilikuwa na kasoro kubwa. Vilikuwa na kiti kimoja tu, na ilikuwa ni marufuku kuchukua abiria. Mama mwenye ulemavu hakuweza kumpeleka mtoto wake shuleni, na mume hakuweza kusafiri na mkewe. Chombo kikiharibika njiani, dereva wake, ambaye kwa kawaida hakuweza kutembea, alibaki peke yake kando ya barabara akisubiri mpita njia. Upepo mkali ulikiyumbisha. Isitoshe, mtu ambaye hali yake haikumruhusu kuendesha hakupata kitu chochote, hata kama nyumbani kwake alikuwapo ndugu mwenye leseni aliyekuwa tayari kumwendesha. Hatimaye vigari vya serikali viliondolewa barabarani kabisa mwaka 2003.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo yenye funzo. Serikali ilikuwa inatoa chombo, na chombo kilichagua nani wa kumfaa. Mahitaji ya mtu hayakutangulia.

2. Kutoka chombo hadi fedha

Mwaka 1974 serikali ya Uingereza ilimteua Alfred Morris kuwa waziri wa kwanza wa kushughulikia mambo ya watu wenye ulemavu. Yeye ndiye aliyekuwa ameufikisha Bungeni muswada uliokuwa sheria ya mwaka 1970 kuhusu wagonjwa wa muda mrefu na walemavu. Katika wakati wake ikaamuliwa kwamba badala ya kutoa kigari, serikali itoe fedha. Posho ya usafiri kwa watu wasioweza kutembea ilianza kulipwa mwaka 1976, na kiwango chake kilikuwa pauni 5 kwa wiki.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani sasa hata asiyeweza kuendesha alipata fungu lake. Lakini ulizaa tatizo jipya, ambalo mkulima yeyote atalitambua mara moja. Pauni 5 kwa wiki ni pauni 260 kwa mwaka. Gari dogo katika miaka hiyo lilikuwa na bei inayozidi pauni 1,000. Mtu angeweka posho yake yote bila kugusa hata senti kwa muda wa miaka minne au zaidi, na baada ya hapo bado angetakiwa kulipa bima, petroli na matengenezo. Kukopa nako kulikuwa kugumu, maana wengi wa watu hao hawakuwa na ajira wala mali ya kuweka rehani. Kwa hiyo serikali ilikuwa inatoa fedha kweli, lakini fedha hizo, zikiwa mkononi mwa mtu mmoja mmoja, hazikufikia bei ya gari. Zilikwisha kwa nauli za teksi na mahitaji ya nyumbani.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Waingereza walikuwa na haba nyingi, lakini walikosa kibaba cha kuzikusanyia.

3. Kibaba chenyewe

Mwaka 1977 kibaba kilipatikana. Kwa mwito wa serikali, Lord Goodman na Jeffrey Sterling waliunda taasisi ya hisani iliyoitwa Motability, nazo benki kubwa za nchi hiyo zikakubali kutoa mtaji. Magari ya kwanza yalikabidhiwa kwa wenyewe mwaka 1978.

Utaratibu ni huu. Mtu anayelipwa posho ya usafiri ya kiwango cha juu anaweza, akipenda, kuiachilia posho hiyo. Kuanzia hapo serikali haimlipi yeye fungu hilo, bali hulipeleka moja kwa moja kwa mpango. Mpango nao humpa gari kwa ukodi wa miaka 3, au miaka 5 iwapo ni gari lililotengenezwa ili mtu aingie akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu. Ndani ya malipo hayo yamo gari lenyewe, bima, matengenezo, matairi, na huduma ya kuvutwa likiharibika njiani. Linalobaki kwa mtu ni mafuta, au umeme kwa magari yanayotumia umeme. Akitaka gari kubwa zaidi ya lile ambalo posho yake inatosha, huongeza kiasi fulani mwanzoni kutoka mfukoni mwake. Muda ukiisha hulirudisha, na akiendelea kustahili huchukua jingine. Mpango huliuza lile la zamani, na fedha zinazopatikana husaidia kununua mengine.

Mambo manne katika utaratibu huo yanastahili kuangaliwa kwa makini.

Kwanza, makato hufanyika kwenye chanzo. Fedha hazipiti mkononi mwa mwenye posho, kwa hiyo haziwezi kuliwa na shida ya siku moja. Hii ndiyo sababu benki zilikubali kutoa mtaji kwa ajili ya watu ambao wakienda mmoja mmoja zingewakataa. Chama cha msingi kinachokopesha pembejeo na kurejesha deni lake wakati wa malipo ya mazao kinafuata kanuni hiyo hiyo.

Pili, gari ni mali ya mpango. Mtumiaji hawezi kuliuza wala kuliweka rehani, na jamaa zake hawawezi kugombea kulirithi.

Tatu, matengenezo yamo ndani ya malipo tangu mwanzo. Chombo kisicho na fungu la matairi na vipuri huwa cha maonyesho baada ya mwaka mmoja.

Nne, mwenye ulemavu si lazima awe dereva. Madereva huandikwa majina yao, nao wanaweza kuwa mzazi, mke, mume au mlezi, mradi gari litumike kwa manufaa ya mwenye posho. Mtoto wa miaka 3 asiyeweza kutembea anaweza kupata gari la kumpeleka hospitali na shuleni.

4. Nani anastahili

Posho yenyewe imebadilika majina na masharti mara kadhaa. Mwaka 1992 posho ya usafiri iliunganishwa na malipo ya matunzo. Kuanzia mwaka 2013, kwa watu wazima, yakaanza malipo mapya yanayofahamika kwa kifupi kama PIP, na Scotland baadaye ikaanzisha malipo yake yenyewe. Malipo ya PIP hayaangalii kipato wala hayakatwi kodi. Maskini na tajiri hupimwa kwa kigezo kimoja, nacho ni hali ya mwili au akili inavyomzuia mtu kusafiri.

Upimaji hufanywa kwa alama. Mtu asiyeweza kusimama na kwenda zaidi ya mita 20 hupata alama 12, na alama 12 humpatia kiwango cha juu. Anayeweza kupita mita 20 lakini hazidi mita 50 hupata alama 8 au 10, kutegemea kama anatumia msaada wa fimbo au magongo, na hizo humpa kiwango cha kawaida tu. Wapo pia wanaopata alama kwa sababu hawawezi kufuata njia bila kuongozwa, mathalani wenye upofu au maradhi ya akili. Katika mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha juu kilikuwa pauni 77.05 kwa wiki, na kiwango cha kawaida pauni 29.20. Kiwango cha juu kwa miaka 3 ni takribani pauni 12,000, na hicho ndicho kiasi ambacho gari linatolewa kwacho. Kiwango cha kawaida hakimpatii mtu gari katika mpango.

Sheria inasema pia kwamba mtu asihesabiwe kuwa anaweza jambo iwapo hawezi kulifanya kwa usalama, kwa namna inayofaa, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Anayetembea mita 30 mara moja, kisha akalala kwa maumivu siku nzima, kisheria hajatembea mita 30. Wengi hunyimwa haki yao kwa kutoueleza ukweli huo katika fomu. Huandika kwamba wanatembea, kwa sababu ya fahari au aibu, wala hawataji maumivu yanayofuata. Anayekataliwa ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na akikataliwa tena anaweza kwenda kwenye baraza la rufaa.

5. Mpango unapokwama

Ingekuwa makosa kuusifu mpango huu bila kutaja udhaifu wake. Gari limefungwa kwenye posho. Posho ikikatika, gari hurudishwa. Malipo mapya yalipoanza mwaka 2013, umbali wa kupimia kiwango cha juu ulishushwa kutoka takribani mita 50 hadi mita 20. Makumi ya maelfu ya watu waliopimwa upya walipoteza kiwango cha juu na kulazimika kurudisha magari, na baadhi yao walikuwa wanayatumia kwenda kazini. Wengine walishinda katika rufaa baada ya gari kuwa limekwisha kuondoka.

Aidha, mtu anayeanza kuwa mlemavu baada ya kufikia umri wa pensheni ya serikali hawezi kuomba PIP kwa mara ya kwanza. Yapo malipo mengine ya matunzo kwa wazee, lakini hayana fungu la usafiri. Kwa hiyo watu wawili waliokatwa mguu kwa ugonjwa mmoja, mmoja kabla ya umri huo na mwingine baada yake, wanaweza kuwa mmoja ana gari na mwingine hana, hata kama leo wana umri sawa. Tena mwishoni mwa mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kupunguza baadhi ya misamaha ya kodi inayohusu mpango huo. Jambo linalosimama juu ya nguzo moja hutikisika nguzo hiyo inapoguswa.

6. Hali ilivyo hapa nyumbani

Nchini Tanzania hakuna posho ya usafiri ya kila wiki inayofanana na ile ya Uingereza. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki zao. Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo katika jedwali lake la misamaha inawaondolea ushuru watu wenye ulemavu kwa vifaa vyao, pamoja na gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa matumizi yao. Msamaha huo ni jambo jema. Lakini msamaha wa ushuru humfaa mwenye fedha za kununulia. Mkulima wa gunia tano za kahawa hasamehewi ushuru wa gari ambalo hawezi kuliagiza.

Lililo karibu zaidi na mkulima ni mikopo ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Baadhi ya vikundi vimepata bajaji kwa njia hiyo. Ni vyema ikumbukwe kwamba huu ni mkopo. Bajaji iliyonunuliwa kwa mkopo haina budi kufanya kazi ya kulipa deni lake, na isipowekewa akiba ya matairi na vipuri, deni hubaki na chombo husimama.

7. Chama kinaweza kufanya nini

Chama cha msingi hakiwezi kuwa serikali, wala kisijaribu kuahidi magari. Lakini kinacho kitu ambacho Waingereza walikitafuta hadi mwaka 1977, yaani mahali pa kukusanyia haba, na mahali penyewe ni siku ya malipo ya mazao. Na uchukuliwe mfano wa chama chenye wauzaji 300, ambao kila mmoja kwa wastani huleta kilo 500. Mkutano mkuu ukikubali makato ya shilingi 10 kwa kilo, msimu mmoja unatoa shilingi 1,500,000. Kwa misimu michache chama kinaweza kupata baiskeli za magurudumu matatu, au mchango wa bajaji moja ya kuwachukua wanachama wasioweza kutembea siku za mkutano, siku za kuleta mazao na siku za kliniki.

Chama kitakachotaka kufanya hivyo kizingatie yafuatayo:

(a) Katibu aorodheshe kwanza wanachama wasioweza kufika, na awaendee nyumbani. Asitegemee habari za kusikia. Amwulize kila mmoja anahitaji nini: yupo anayehitaji chombo, na yupo anayehitaji magongo mapya tu.

(b) Makato yaamuliwe na mkutano mkuu na kuandikwa katika muhtasari. Iwapo masharti ya chama hayana kifungu kinachoruhusu fungu hilo, yarekebishwe na kusajiliwa na Mrajis kabla ya shilingi ya kwanza kukatwa.

(c) Fungu liwe na hesabu yake peke yake, lisichanganywe na fedha za pembejeo. Kila mwanachama aone makato hayo katika stakabadhi yake.

(d) Chombo kiandikishwe kwa jina la chama na kuingizwa katika daftari la mali. Kadi na bima vitunzwe ofisini. Kisigeuzwe kuwa chombo cha mwenyekiti.

(e) Sehemu ya fungu itengwe kila msimu kwa matengenezo. Chama kisichoweza kutenga sehemu hiyo kisinunue.

(f) Haki ya kukitumia isifungwe kwenye kipimo kimoja kisichobadilika. Kamati isikilize, na anayekataliwa apewe nafasi ya kulalamika mbele ya mkutano. Asiyeweza kuendesha asinyimwe. Mwanawe au jirani aandikishwe kuwa dereva.

(g) Wanachama wenye ulemavu wasaidiwe kuunda kikundi na kujaza maombi ya mkopo wa halmashauri. Katibu anayejua kuandaa makisio na kuandika barua anaweza kuwafaa zaidi kwa kalamu yake kuliko kwa fedha.

Yapo maswali ambayo wanachama watauliza, na ni haki yao. Watasema: kwa nini wengi wakatwe kwa ajili ya wachache? Jibu ni kwamba hakuna aliyeandikiwa kubaki katika wengi. Kisukari hakichagui, pikipiki haichagui, na uzee utamfikia kila aliyejaliwa kuishi. Anayekatwa shilingi 10 leo analinda njia yake mwenyewe ya kufika ghalani baada ya miaka ishirini.

Katika mkutano mkuu ujao, kabla ya katibu kutangaza kwamba akidi imetimia, asome pia majina ya wanachama walioshindwa kufika kwa sababu ya miguu yao. Mkutano uyasikie majina hayo, kisha uamue.